Mji Ulioiva: Historia ya Kujenga kwa Kina katika Michezo ya Dola

Michezo ya mikakati ya kompyuta, ile inayomkabidhi mchezaji taifa zima alitawale tangu zama za kale hadi safari za angani, imekuwa ikiuliza swali moja tangu ilipoanza, nalo ni kama dola hukua kwa kuongeza miji au kwa kuiendeleza ile michache iliyokwisha kujengwa. Wachezaji wa Ulaya na Marekani wameuzoea mtindo wa kwanza kwa jina lenye maana ya upana, na wa pili kwa jina lenye maana ya urefu, wakikusudia urefu wa kwenda juu kama wa mnara; hapa mtindo huo wa pili utaitwa kujenga kwa kina, kwa kuwa kinachoongezeka si kimo cha majengo bali ni watu, maarifa na mali zinazolimbikizana mahali pamoja. Historia yake ni ya wabunifu waliopambana kwa zaidi ya miaka 30 na hesabu waliyojitengenezea wenyewe, hesabu iliyompendelea daima anayetapakaa, na kila dawa waliyoijaribu inaonyesha walivyofikiri kuhusu dola, nini huijenga na nini huichosha.

Swali lenyewe si geni kwa mtu aliyekulia penye bao la Kiswahili. Mchezaji wa bao ana shimo moja linaloitwa nyumba, ambamo huanza na kete 6, na katika hatua ya kwanza ya mchezo, iitwayo namua, mtaji wake, yaani zamu ya kula kete za mwenzake, unapoishia nyumbani, kanuni humwachia hiari ya kulala hapo na kuziacha kete zizidi kurundikana, au kusafiri nazo, yaani kuzitoa zote na kuzitawanya katika mashimo mengine. Nyumba iliyonona ni nguvu na ni hatari kwa wakati mmoja, kwani ikiliwa imeliwa yote. Bao limeyapima mambo haya mawili kwa uangalifu kiasi kwamba hakuna kati ya kulala na kusafiri kilicho sahihi siku zote, na ni upimaji wa namna hiyo ambao michezo ya kompyuta iliukosa ilipoanza.

Mchezo ulioweka misingi ya aina hii ni Civilization, uliotolewa mwaka 1991 na kampuni ya MicroProse ya Maryland, Marekani, ukiwa kazi ya Sid Meier akishirikiana na Bruce Shelley. Walitanguliwa na mchezo wa ubaoni wenye jina hilohilo, uliobuniwa na Francis Tresham na kutolewa mwaka 1980, na pia na SimCity ya Will Wright ya mwaka 1989, iliyothibitisha kwamba watu wangeweza kukaa mbele ya kompyuta saa nyingi wakijenga tu bila kubomoa. Kwa hiyo Civilization ilizaliwa na nasaba mbili, moja ya ramani inayogawanywa baina ya mataifa na nyingine ya mji unaolelewa mtaa kwa mtaa, na kwa muda mrefu nasaba ya ramani ndiyo iliyotamalaki. Miaka miwili baadaye, mwandishi Alan Emrich, akiuelezea mchezo wa anga za juu uitwao Master of Orion katika jarida la Computer Gaming World, alibuni jina la aina nzima kutokana na vitendo vinne: kuchunguza, kutanuka, kuvuna na kuangamiza. Katika vinne hivyo ni kuvuna peke yake kunakoweza kufanywa na mtu aliyetulia kwake.

Ili kuona kwa nini upana ulishinda, inafaa kuingia ndani ya mji mmoja wa Civilization ya kwanza na kuhesabu. Ramani imegawanywa katika vigae vya mraba, na kila raia wa mji hutumwa kwenye kigae kimoja kilicho jirani ili alete chakula, malighafi au biashara. Lakini kigae ambacho mji wenyewe umesimama juu yake huzalisha bila kuhitaji raia yeyote. Mji wenye raia mmoja, basi, hutumia vigae viwili. Mji wenye raia 10 hutumia vigae 11, ilhali miji 10 yenye raia mmoja mmoja hutumia vigae 20, na watu ni walewale 10. Zaidi ya hapo, ghala la chakula ambalo sharti lijae ili raia mpya azaliwe huongezeka ukubwa kadiri mji unavyokua, hivyo raia wa pili hupatikana kwa gharama ndogo na raia wa kumi kwa gharama kubwa. Mchezaji aliyeelewa mambo haya mawili hakuwa na sababu ya kuusubiri mji wowote ukomae. Alitengeneza walowezi, akawapeleka hatua chache mbele, akaanzisha mji mwingine, nao ukatengeneza walowezi wake.

Mtindo huo ulipewa jina lenye maana ya utapakaaji wa miji usio na kikomo, na uliendelea kustawi katika Civilization II ya mwaka 1996, iliyoongozwa na Brian Reynolds. Kulikuwa na kizuizi fulani, kwa kuwa idadi ya miji ilipopanda sana raia wasioridhika waliongezeka, lakini mahekalu na askari wachache waliwatuliza. Ramani ya mchezaji hodari ikaonekana kama shamba la mihogo, vijiji vimepandwa kwa nafasi sawa, hakuna hata kimoja chenye sura ya mji, na haya katika mchezo uliokuwa ukijitangaza kuwa hadithi ya ustaarabu. Kasoro hii haikuwa ya ufundi tu. Mchezo ulikuwa ukimfundisha mtu kwamba Athens na Timbuktu ni vituo vya kuzalishia walowezi, na kwamba kukaa mahali hadi pakawa na maktaba, soko na chuo ni kupoteza muda.

Dawa ya kwanza nzito ilikuja mwaka 2001 katika Civilization III, iliyotengenezwa na Firaxis, kampuni ambayo Meier, Reynolds na Jeff Briggs waliianzisha mwaka 1996 baada ya kuondoka MicroProse. Dawa hiyo iliitwa ufisadi: kadiri mji ulivyokuwa mbali na mji mkuu, na kadiri idadi ya miji ilivyopita kiasi, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya mapato na malighafi yake ilivyopotelea njiani, hata miji ya mpakani ikabaki na kipande kimoja cha uzalishaji kwa zamu, iwe na raia 3 au 12. Wazo lilikuwa na ukweli ndani yake, kwani hakuna dola kubwa ambayo haikuibiwa na maliwali wake wa mbali. Hata hivyo adhabu ilipiga mahali pasipostahili. Mji uliokufa kwa ufisadi bado ulishika ardhi, bado ulimzuia jirani asiipate, na bado ungeweza kukaa juu ya chuma au mafuta yatakayogunduliwa karne nyingi baadaye. Kwa hiyo mchezaji aliendelea kutapakaa kama zamani, ila sasa alitawala miji ambayo haikuwa na faida ya kuitazama. Upana haukupungua, ulipoteza ladha tu.

Mabadiliko ya kweli yalifika mwaka 2005 na Civilization IV, ambayo mbunifu wake mkuu alikuwa Soren Johnson. Huu ndio mchezo ambao wasemaji wa Kiswahili wana sababu ya pekee ya kuukumbuka, kwa kuwa wimbo wake wa ufunguzi, Baba Yetu, uliotungwa na Christopher Tin, ni Sala ya Bwana iliyotiwa muziki kwa Kiswahili, na mwaka 2011 ukawa muziki wa kwanza uliotungwa kwa ajili ya mchezo wa video kupata tuzo ya Grammy. Watu wengi ambao hawajawahi kukanyaga Afrika Mashariki walilisikia neno la Kiswahili kwa mara ya kwanza wakiitazama dunia ikizunguka kwenye kioo kabla ya kuanza kucheza.

Johnson aligeuza gharama ikawa ya hazina. Kila mji ulidai fedha za matunzo kila zamu, na dai hilo lilipanda kwa umbali wake kutoka mji mkuu na kwa idadi ya miji yote, hivyo kwamba kuuanzisha mji wa saba kuliongeza gharama ya ile sita iliyotangulia. Kwa kuwa mapato ya biashara yaligawanywa baina ya hazina na utafiti kwa asilimia aliyoichagua mchezaji mwenyewe, aliyetapakaa upesi alilazimika kuipunguza asilimia ya utafiti zamu baada ya zamu, akiwaona majirani wakigundua uandishi na hisabati ilhali yeye akilipa gharama za vijiji. Tofauti na ufisadi, gharama hii ilikuwa ya muda. Mji mpya ulikuwa mzigo hadi ukue na kujilipia, na swali likawa si kama mtu atanuke au asitanuke, bali kama amekwisha kuukomaza mji wa jana kiasi cha kuubeba wa kesho.

Lakini jambo bora zaidi katika Civilization IV ni dogo, na halikukusudiwa kumwadhibu yeyote. Mfanyakazi angeweza kujenga kibanda juu ya kigae, nacho mwanzoni kilileta sarafu 1 tu, chini ya faida ya shamba au mgodi. Kibanda hicho, mradi raia wa mji aendelee kukitumia, kiligeuka kitongoji baada ya zamu 10, kikawa kijiji baada ya nyingine 20, na baada ya nyingine 40 kikawa mji mdogo wenye kuleta sarafu 4, ambazo kwa uvumbuzi na sera za baadaye zingeongezeka tena. Zamu 70 zilihitajika, na hazikuweza kununuliwa wala kuharakishwa kirahisi. Raia akiondolewa, ukuaji ulisimama pale ulipofikia. Adui akipita na kupora, kijiji kilirudi kuwa kitongoji, na kazi ya vizazi ilipotea kwa zamu moja. Hapo kwa mara ya kwanza mchezo wa aina hii uliupa muda thamani yake. Mchezaji aliyelinda bonde moja kwa miaka elfu mbili ya mchezo alikuwa na kitu ambacho mshindi wa vita asingeweza kukipata kwa kuteka nyika tupu, na alipoona vumbi la farasi wa adui likikaribia bonde hilo alikuwa na sababu ya kuogopa kwa ajili ya mahali, si kwa ajili ya hesabu tu. Mchezo huo ulikuwa pia na hiari ya kucheza kwa mji mmoja tu tangu mwanzo hadi mwisho. Mji wa kawaida uliruhusiwa maajabu mawili ya kitaifa, yaani majengo ambayo kila dola hujenga moja moja, lakini katika hiari hiyo mji huo pekee uliruhusiwa matano.

Civilization V ya mwaka 2010, iliyoongozwa na Jon Shafer, iliacha matunzo ya fedha ya namna hiyo na kuweka furaha ya taifa zima katika chungu kimoja, ambamo kila mji mpya na kila raia mpya alichota. Toleo la kwanza halikufanikiwa kuzuia utapakaaji, kwa sababu majengo ya burudani ya kila mji yalirudisha furaha iliyochotwa, na dola-miji rafiki za baharini, yaani miji midogo iliyo huru ndani ya mchezo, ziligawa chakula kwa kila mji bila kujali ni mingapi. Marekebisho yaliyofuata yalikaza kamba. Katika nyongeza ya Brave New World ya mwaka 2013, kila mji ulipandisha gharama ya kila uvumbuzi kwa asilimia 5 katika ramani ya ukubwa wa kawaida. Sera za kijamii nazo zilipanda bei kwa kila mji. Na Chuo cha Taifa, jengo lililoongeza maarifa ya mji kwa nusu, hakikuweza kujengwa mpaka kila mji wa dola uwe na maktaba. Sera iliyoitwa Mila ilitoa majengo ya bure kwa miji minne ya kwanza, na wa tano haukupata kitu.

Kwa hiyo kina kilishinda, na ushindi wake ulikuwa na kasoro ambayo watetezi wa mtindo huu hawana budi kuikubali. Idadi ya miji minne ikageuka kanuni isiyoandikwa: mchezaji aliyetaka kushinda kwa usalama alijenga minne, akachagua Mila, akakimbilia Chuo cha Taifa, kisha akafunga malango na kungoja, iwe ramani ni ya visiwa au ya bara pana, iwe ametawala Waroma au Wapolinesia. Ramani iliyobaki tupu hadi karne ya kumi na tisa ya mchezo si picha bora ya ustaarabu kuliko lile shamba la mihogo. Kuadhibu upana si sawa na kukipa kina maana, na mtu aliyekaa nyumbani kwa sababu mlango umefungwa hana tofauti kubwa na aliyefukuzwa.

Uhai wa kweli wa kina katika mchezo huo ulikuwa kwenye mataifa machache yaliyopewa kanuni zao. India, chini ya Gandhi, iliongezewa maradufu uchungu utokanao na idadi ya miji, lakini uchungu utokanao na idadi ya watu ukapunguzwa nusu, hivyo ikaelekezwa kwenye miji michache mikubwa mno. Ethiopia, iliyoongozwa na Haile Selassie katika nyongeza ya mwaka 2012, ilipewa sifa iliyoitwa Roho ya Adwa, kwa kumbukumbu ya vita vya mwaka 1896 ambapo jeshi la Menelik II liliwashinda Waitalia: askari wake walipigana kwa nguvu zaidi ya kawaida kwa asilimia 20 dhidi ya dola yoyote yenye miji mingi kuliko Ethiopia. Udogo wenyewe ukawa ngao. Venice ya mwaka 2013 ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa haikuweza kabisa kutengeneza walowezi. Badala yake ilipewa njia za biashara maradufu, na mfanyabiashara wake mkuu aliweza kuinunua dola-mji iliyokuwa huru. Kampuni ya Amplitude ya Paris ilifuata njia kama hiyo mwaka 2014 katika Endless Legend, ambamo kabila moja la waumini huwa na mji mmoja tu maisha yote, na hujitanua kwa kuvigeuza imani vijiji vya wenyeji vilivyotawanyika, ambavyo hubaki mahali pake na kuleta mazao yake.

Civilization VI ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Ed Beach, ilionekana mwanzoni kama mchezo wa kina kuliko yote, maana mji ulitolewa nje ya kigae chake na wilaya zake za elimu, biashara, ibada na vita zikatandazwa juu ya ardhi, kila moja ikinufaika na jirani yake, kama wilaya ya elimu inayopata faida kwa kila mlima unaogusana nayo. Tatizo lilikuwa katika ukomo. Mji uliruhusiwa wilaya moja kwa raia wa kwanza, ya pili kwa raia 4, ya tatu kwa raia 7, na haukuruhusiwa kuwa na wilaya mbili za elimu. Kumfikisha raia wa ishirini kulileta kidogo sana kuliko kuanzisha mji mwingine wenye wilaya yake ya elimu, na upana ukarudi kwenye kiti chake. Civilization VII, iliyotolewa mwaka 2025, imeweka ukomo wa idadi ya makazi ambao ukivukwa hupunguza furaha, na hivyo imerudi kwenye adhabu.

Katika Civilization VI hiyohiyo, hata hivyo, Pwani ya Waswahili imepewa nafasi mara mbili, na mara zote mbili upande wa kina. Zanzibar ni mojawapo ya dola-miji, na anayekuwa mfadhili wake hupewa karafuu na mdalasini visivyopatikana popote kwenye ramani. Kilwa Kisiwani imekuwa ajabu la dunia tangu nyongeza ya mwaka 2018: hujengwa kwenye ardhi tambarare kando ya bahari, humpa mjenzi wake wajumbe 3 wa kuwapeleka kwenye dola-miji, na kila dola-mji inayokubali ufadhili wake huuongezea mji wenye Kilwa asilimia 15 ya kile ambacho dola-mji hiyo huleta. Wabunifu waliielewa Kilwa kwa namna ambayo vitabu vingi vya shule haviielewi. Kisiwa hicho, ambacho leo kimo katika mkoa wa Lindi na kiliandikishwa pamoja na Songo Mnara katika urithi wa dunia mwaka 1981, hakikuteka bara. Kilishika biashara ya dhahabu iliyopita Sofala, kikafua sarafu zake za shaba, kikajenga msikiti wa kuba nyingi kwa mawe ya matumbawe, na sultani wake al-Hasan bin Sulaiman akajijengea Husuni Kubwa juu ya jabali la bahari. Msafiri Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliukuta mji, si himaya.

Udhaifu wa mji wa namna hiyo ulijulikana mwaka 1505, pale meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida zilipotia nanga na kuupora; nyumba iliyonona ililiwa kwa siku moja, kama ambavyo mchezaji wa bao angetabiri. Lakini hadi siku hiyo Kilwa ilikuwa imeishi karne kadhaa kwa kujua majira, kwani jahazi lililokuja kwa kaskazi lilisubiri kusi ili lirudi, na miezi hiyo ya kungoja ndiyo iliyowafanya wageni waoe, wajenge na wakae. Ajabu la Kilwa katika mchezo huzihesabu dola-miji rafiki na asilimia zake, na pepo hizo mbili bado hazimo katika hesabu yake.